Mwezi Nisiouona



Kila mwaka zinapofika siku za mwisho za Shaabani, na tena siku za mwisho za Ramadhani, watu wetu huingia katika maneno mengi juu ya mwezi. Huyu husema umeandama, yule husema bado. Huyu anategemea macho, yule anategemea hesabu. Mimi leo sitaki kuingia katika mabishano hayo. Nataka kusimulia habari ya neno lenyewe, neno "mwezi," kwamba limetoka wapi. Lakini siwezi kulieleza neno hilo bila kueleza kosa nililolifanya katika ujana wangu, basi nitayasimulia yote mawili. Kosa hilo nimelificha zaidi ya miaka 60.

Nilizaliwa Mbeya. Marehemu baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuja nyanda hizi katika miaka ya 1930 wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Dhahabu hakuipata. Alipata cherehani, akahamia Mbeya mjini, akawa fundi wa nguo. Mama yangu alikuwa mtu wa Rungwe, na bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwa wa dini yetu, alikuwa akija kukaa nasi miezi kadha wa kadha kila mwaka.

Jumapili tarehe 24 Februari 1963 ilikuwa siku ya 29 ya Ramadhani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 16. Februari huku kwetu ni wakati wa mvua. Ukungu hushuka kutoka mlima Loleza tangu alasiri, na upande wa magharibi, kuelekea Mbalizi, mawingu hutanda kama blanketi. Mimi na rafiki yangu tulipanda kilimani kutazama mwezi. Tulikuwa na njaa, kanzu mpya alizotushonea baba zilikuwa zimekwisha kupigwa pasi, nasi tuliitaka Idi kwa roho zetu zote. Jua lilipokwisha kutua, pengo dogo likafunguka mawinguni na ukingo wa wingu ukang'aa. Rafiki yangu akanyoosha kidole, akasema, "Ule pale!" Nikatazama. Sikuona mwezi, niliona wingu linalong'aa. Nami nikasema, "Naam, nimeuona." Tukateremka mbio huku tukipiga kelele mtaa mzima, "Mwezi! Mwezi umeandama!"

Bibi alikuwa jikoni anapepeta mchele. Aliposikia aliniangalia, akaniambia kwa Kinyakyusa chake kilichochanganyika na Kiswahili kwamba yeye ameuona umwesi juzi alfajiri upande wa mashariki, alipotoka kwenda kuchota maji, mwembamba unaokwisha; basi umepitia wapi hata leo uko magharibi? Nilicheka. Nilisema moyoni mwangu, bibi si Mwislamu, atajua nini habari za mwandamo?

Baada ya sala ya Isha sheikh wetu, mzee mpole mwenye maneno machache, alituita kibarazani mmoja mmoja. Alinipa ubao wa madrasa na chaki, akasema, "Nichoree ulichokiona." Nikachora mwezi umesimama, pembe zake zimeelekea upande. Akauliza, "Pembe zilitazama huku?" Nikajibu, "Ndiyo, sheikh." Rafiki yangu naye alichora mwezi uliosimama, ila pembe za wake zilitazama upande wa pili. Sheikh akaufuta ubao kwa mkono wa kanzu yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, katika nchi zetu hizi mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi. Huu ulionichorea umeuona kwenye bendera." Kisha akatoka, akawaambia watu kwamba mbingu zilifunikwa na mwezi haukuthibiti, kwa hiyo tutatimiza siku 30 kama alivyotufundisha Bwana Mtume (S.A.W.). Majina yetu hakuyataja.

Lakini baba alikuwa ameniuliza kabla yake, naye aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, umeuona kwa macho yako?" Nikamjibu, "Nimeuona, baba." Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kwa ushahidi wangu mimi, siku ya pili yake ilikuwa Idi kwa baba. Basi asubuhi ya Jumatatu, na mji mzima umefunga, baba alikunywa chai chumbani mlango umefungwa, asije akawakwaza majirani. Hakufanya hivyo kwa uroho. Alifanya kwa kuniamini.

Jioni ya siku hiyo mvua ilikatika, na mwezi ukaonekana kwa kila mtu, mwembamba, umelala chali vile vile kama alivyosema sheikh. Baba alisimama uani akautazama kitambo kirefu, kisha akaingia ndani. Baada ya Idi, kabla hajaanza kufunga sita za Shawwal, alifunga siku moja peke yake. Mama alipomwuliza ni saumu gani hiyo, alijibu, "Nina deni langu la siku moja." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikisikia. Sikusema kitu.

Sasa nirudi kwenye neno. Mwaka 1972 nilipelekwa Iringa kufundisha Kiswahili, nikakaa huko zaidi ya miaka 20. Siku moja mwaka 1983 mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mwezi ni neno la Kiarabu?" Sikushangaa. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba kila neno linalogusa ibada limekuja kwa jahazi. Kweli Ramadhani ni Kiarabu, Idi ni Kiarabu, hilali ni Kiarabu. Ama mwezi silo. Katika darasa lile walikuwamo vijana wa kila upande wa Tanzania, nikawaambia kila mmoja aandike ubaoni mwezi unaitwaje nyumbani kwao. Wa Rungwe akaandika "umwesi." Msukuma akaandika "ng'weji." Mhaya akaandika "omwezi." Mmakonde akaandika "mwedi." Nilipoliona lile "umwesi" limeandikwa kwa chaki, niliisikia sauti ya bibi yangu jikoni, na mkono wangu ukatetemeka. Nikawaambia watoto kwamba kipindi kimekwisha.

Katika likizo ya mwaka 1984 nilikwenda Dar es Salaam, nikamwendea mwalimu mmoja wa isimu pale Chuo Kikuu ili anifafanulie jambo lile. Alinifunulia mlango mkubwa. Aliniambia kwamba Wakikuyu wa Kenya husema "mweri," Waganda "omwezi," Wanyarwanda "ukwezi," Washona wa Zimbabwe "mwedzi." Maneno haya hayafanani kwa bahati tu. Pale Mswahili anaposema "zi" katika mwezi, Mkikuyu husema "ri", na ukitazama mzizi wa mti, Mkikuyu huuita "mũri," na kitu kizito hukiita "-ritũ." Badiliko ni lile lile, kwa neno baada ya neno. Hapo ndipo mtaalamu anapojua kwamba watu hawa hawakuazimana; wamerithi. Wako ndugu zetu wengine, kama Wakongo wanaosema "ngonda" na Wazulu wanaosema "inyanga," ambao wana majina mengine. Lakini eneo la neno letu ni pana mno, nalo ni kongwe kuliko miji yote ya pwani.

Basi, nikauliza, neno lenyewe la asili lilikuwaje? Mwalimu akaniletea mabuku manne ya Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London, yaliyochapishwa kati ya mwaka 1967 na 1971, ambamo maneno ya lugha za Kibantu yamelinganishwa. Kabla yake Mjerumani Carl Meinhof alikuwa amekwisha kuanza kazi kama hiyo mwaka 1899. Mwalimu akaandika kwenye karatasi: *-jedi. Nikamwuliza, "Na hiki kinyota kilichotangulia ni cha nini?"

Akanijibu, "Kinyota hicho maana yake ni kwamba neno hili hakuna aliyelisikia. Waliolisema wamekufa kabla ya maandishi. Sisi tumelifikia kwa kulinganisha watoto wake. Tunaamini ndivyo lilivyokuwa, lakini hatukuliona wala hatukulisikia, kwa hiyo ni lazima tuseme hivyo kwa alama."

Ndugu msomaji, nilibaki nikikitazama kile kinyota kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Adabu ile ilianzia katika lugha za watu wengine. Mwaka 1786 jaji mmoja Mwingereza aliyekuwa Calcutta, William Jones, alieleza hadharani kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zinafanana mno hata haiwezekani isipokuwa zimetoka chanzo kimoja, chanzo ambacho huenda hakipo tena. Waliomfuata wakaanza kukitafuta chanzo hicho, na mwezi lilikuwa mojawapo ya maneno yaliyowaongoza. Msanskriti aliuita "mās," Mwajemi "māh," Mrumi aliita mwezi wa kuhesabia "mensis," Mrusi "mesyats," Mwingereza "moon." Hata wenye maduka wa Kigujarati tuliokua nao Mbeya na Iringa huita mwezi wa kalenda "mahino." Asili yao wote wataalamu waliiandika *mēnōt, na hapo pia pana kinyota.

Mtu aliyeieneza desturi ya kutia kinyota ni Mjerumani August Schleicher. Lakini tazama mwanadamu alivyo: Schleicher huyo huyo, mwaka 1868, alijiona ameijua lugha ile ya kale kiasi cha kuandika kisa kizima kwa lugha hiyo, kisa cha kondoo na farasi. Hermann Hirt naye alikiandika upya kwa namna nyingine, iliyochapishwa mwaka 1939, na baada yake wengine wakakiandika tena na tena, kila mmoja kwa sura yake. Neno moja lenye kinyota lilikuwa elimu. Kisa kizima kikawa karibu na bendera niliyomchorea sheikh.

Maana za majina hayo nazo zina mafundisho. Wataalamu wengi wameliunganisha lile neno la Wahindi na Wazungu na mzizi wenye maana ya kupima, yaani mwezi ni kipimo. Jina letu la *-jedi wapo wanaoliona kuwa ndugu wa mzizi wa kung'aa na kuwa cheupe, ule uliomo katika "-eru" ya Kikuyu na ya Kiganda, maana yake -eupe. Kwa Waarabu, wanazuoni wa lugha husema "qamar" imetokana na weupe. "Shahr," mwezi wa kuhesabia, wameifasiri kwa kudhihiri na kujulikana. Kutoka mzizi huo sisi Waswahili tumepata "mashuhuri," na tumepata "mshahara," malipo ya mwezi, ambao mfanyakazi huupokea bila ya kukumbuka kwamba ameshika jina la mwezi mkononi.

Na hilali je? Wanazuoni husema imeitwa hilali kwa sababu watu hupaza sauti waionapo. Ni mzizi ule ule wa ihlali, pale hujaji anapoinua sauti yake kwa talbia. Niliposoma jambo hilo nilifunga kitabu. Kwa maana mimi nilipaza sauti mtaa mzima, na hilali haikuwapo.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 189, kwamba miandamo ya mwezi ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Na katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, ametueleza kwamba kutofautiana kwa lugha zetu ni katika ishara zake. Nilipokuwa kijana nilizisoma aya hizi mbili mbalimbali, kama kwamba haziamkiani. Sasa naona zimekaa karibu. Kipimo chataka ukweli. Ukikidanganya kipimo, umedanganya soko zima. Na ishara yataka heshima, mimi niliidharau lugha ya bibi yangu, nikadhani ukweli wa mwezi hauwezi kutoka katika kinywa kinachosema "umwesi."

Miaka ya karibuni mjukuu wangu alinitolea katika simu yake hesabu za wanajimu za siku ile. Mwezi na jua vilikutana alfajiri ya tarehe 24 Februari 1963, kama saa 11 na dakika chache kwa saa zetu. Jua la Mbeya siku hiyo lilitua baada ya saa 1 usiku. Kwa hiyo nilipokuwa kilimani mwezi ulikuwa na umri wa saa 14 hivi tu, na waliobobea katika mambo ya mwandamo wanajua kwamba mwezi wa chini ya saa 15 jicho tupu haliuoni hata mbingu ikiwa safi. Juzi yake alfajiri, bibi yangu aliuona mashariki kama alivyosema. Mwanamke asiyejua kusoma, mwenye ndoo ya maji kichwani, alikuwa shahidi mwaminifu. Na mimi niliyehitimu juzuu nilikuwa shahidi wa uongo.

Sisemi haya ili niwapendelee wenye hesabu dhidi ya wenye macho, wala wenye macho dhidi ya wenye hesabu. Hilo tuwaachie wanazuoni. Neno langu ni dogo kuliko hilo. Aliyeona aseme ameona. Aliyepiga hesabu aseme amepiga hesabu. Aliyeambiwa aseme ameambiwa, na amtaje aliyemwambia. Wanazuoni wetu wa Hadithi walifanya hivyo kabla ya Jones na kabla ya Schleicher, walimwuliza kila mpokezi amesikia kwa nani, wakaitenga sahihi na dhaifu, wala hawakuona haya kusema, "hii haikuthibiti." Kinyota cha wanaisimu ni mtoto wa adabu ya namna hiyo, ingawa waliokitia hawakuwa wa dini yetu. Tujiulize basi: katika maneno tunayoyasema kutwa juu ya jirani, juu ya mke wa fulani, juu ya mali ya fulani, ni mangapi yanastahili kutanguliwa na kinyota, nasi tunayasema bila ya kinyota?

Tukiwa Iringa nilikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi wangu Waislamu juu ya jiwe la Gangilonga jioni ya siku ya 29. Jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Tulikaa pale tukitazama magharibi mpaka giza likaingia. Kabla ya kushuka nilimwuliza kila kijana, "Umeuona?" Na aliyenijibu, "Sikuuona, mwalimu," nilimpa mkono nikamshukuru. Walidhani ni mzaha wa mwalimu. Hawakujua kwamba nilikuwa nikiwasomesha jibu ambalo mimi nilishindwa kulitoa.

Baba alifariki mwaka 1981. Sikupata kumwambia. Siku za mwisho nilikaa kando ya kitanda chake, na maneno yalinifika kooni mara mbili, nami nikayameza, nikasema nisimsumbue mgonjwa. Huo nao ulikuwa uongo. Nilikuwa najiogopea nafsi yangu. Kama alijua, alinisitiri kama sheikh alivyonisitiri. Kama hakujua, alikwenda kwa Mola wake akiwa bado ananiamini. Ni lipi kati ya hayo mawili, siwezi kusema. Hapo na mimi naweka kinyota changu.

Deni la saumu baba alililipa mwenyewe. Deni la ushahidi limebaki juu yangu, na leo nalilipa mbele yenu: jioni ile ya Mbeya mwezi sikuuona.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yangu, amlipe kheri sheikh aliyeufuta ubao, na atupe sisi sote ulimi unaosema kilichoonwa na jicho. Amin.